Ngozi Nyekundu ya Viti vya Pijo

Mtendeni, Tabora
Baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Mwajuma,

Salamu zitakuja. Ngoja kwanza nilitue lile "hapana" nililokujibu juzi mlangoni pa stoo, maana najua umelifunga pamoja na vyombo vyako na utafika nalo Igunga.

Ulitoka stoo vumbi limekujaa kichwani, umekumbatia kile kiti cha mtoto cha mabomba, na uso wako una furaha ya mtu aliyeokota. Ukasema, "Baba, kumbe nami nilikuwa na kiti cha Kizungu, na hamkunihadithia hata siku moja! Basi Salumu, mwanangu na wajina wako, atasafiria humu. Nishonee tu kitambaa cha kuweka chini ya hizi kulabu, zisije zikaitoboa ngozi ya viti vyako." Nikasema hapana. Ukauliza, hapana ya kiti au hapana ya kitambaa? Nikasema hapana ya vyote viwili, nikakunyang'anya kiti kile, nikakirudisha stoo na kupiga kufuli. Jioni nikakusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Baba katupa sisi Pijo yake kwa mdomo tu, roho bado anayo mwenyewe." Nami nilikuwa uani natawadha, nikajikuta namwaga maji mengi kuliko udhu unavyotaka.

Sikukasirika. Ulichokisema kilikuwa kweli kwa miaka yote uliyonijua. Ila juzi hakikuwa kweli, na sitaki uondoke kesho ukidhani nimemnyima mjukuu wangu kiti kwa ajili ya ngozi. Wewe kuliko watu wote ndiye usiyepaswa kuniomba kitambaa cha kuilinda ngozi ile. Nimejaribu kukueleza kwa mdomo tangu jana, na kila nikifungua mdomo natoka na habari za upepo wa matairi. Kwa hiyo nimekuja karakanani, nimesogeza mikasi pembeni, naandika juu ya meza ya kukatia. Nyumbani wamejaa majirani wanaokuaga, kila mmoja na kifungu chake cha karanga, na baba mtu mzima hawezi kulia mbele ya karanga za watu.

Humu hutakuta habari za matairi wala maji ya rejeta wala mahali pa kulala mvua ikiwakuta njiani. Mumeo Hamisi ana akili na gari analijua. Nitakueleza habari ya kiti.

Pijo ile niliinunua kwa Mzungu mmoja wa reli aliyekuwa anarudi kwao, bendera yetu ikiwa bado ina mikunjo ya dukani. Injini ilikuwa nzima, ila ndani palikuwa pameharibika. Alikuwa na mtoto mdogo, na mtoto huyo alikuwa na kiti chake cha mabomba na turubai, kinachoning'inizwa kwenye mgongo wa kiti cha mbele kwa kulabu mbili. Kulabu zile zilikuwa zimeitafuna ngozi mpaka katani ya ndani inachungulia. Chini, pale mtoto alipokuwa akimwaga maziwa yake, ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka pasuka. Mzungu akaniachia na kiti chenyewe, akasema najua nawe una mtoto. Mtoto ni wewe, na wakati huo ulikuwa ndiyo kwanza unajifunza kukaa bila kuanguka ubavu.

Nilikuwa kijana, Mwajuma, na nilikuwa na njaa ya jina. Watu wenye magari Tabora walikuwa wakipeleka viti vyao mbali kwenda kushonwa, wakiamini kwamba hapa mjini tunajua kushona matandiko ya punda tu. Nikavivua viti vyote vya Pijo, nikavijaza katani mpya, nikavivisha ngozi nyekundu, mshono juu ya mshono, uzi uliopakwa nta, kazi ya kila siku baada ya magharibi mpaka vidole vikawa haviwezi kushika tonge. Nilipomaliza nililiegesha gari mbele ya karakana, milango wazi. Watu walisimama kutazama. Viti vile ndivyo vilivyonisemea mjini kote, na mimi nikavipenda kama mjinga anavyopenda. Nilikuwa sikubali mtu akae na funguo mfukoni. Mama yako alikuwa akinitania, "Baba Mwajuma, ukiamua kuioa gari hiyo uniambie mapema, nijue mimi ni mke mkubwa."

Alicheka hivyo mpaka siku ulipocheua maziwa kwenye kiti cha nyuma. Nilimfokea mbele ya watu, pale sokoni, mpaka akashuka. Akakufunga mgongoni akarudi nyumbani kwa miguu, jua la saa saba, mimi nikiwa nyuma nafuta. Hakunitania tena kuhusu gari.

Baada ya hapo nikavifunika viti kwa nailoni. Unaijua ile desturi yetu ya kununua kitu kipya na kukiacha kwenye nailoni yake mpaka nailoni ichanike yenyewe. Mimi nilikwenda kununua nailoni ya kufunika kitu ambacho hakikuja nayo.

Sasa nikuambie safari ya Nzega. Wakati huo bibi yako mzaa mama alikuwa hajakuona, na mama yako alikuwa amenililia muda mrefu akuonyeshe kwao. Nilikubali, nikamfanya ashukuru. Sikumwambia kwamba kule Nzega kulikuwa na mfanyabiashara wa pamba mwenye malori, naye alikuwa ametuma neno kwamba akiviona viti vyangu na kuvipenda, atanipa kazi ya kushona viti vya malori yote. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inanipeleka. Bibi yako alipata bahati ya kuwa njia moja na pamba.

Asubuhi ya safari mama yako akataka kukupakata. Nikakataa. Nilitaka tuingie Nzega nawe umekaa kwenye kiti chako mbele, mtoto wa Uhuru, watu waone. Nikakitoa kile kiti cha mabomba. Nilipotaka kukitundika nikazitazama zile kulabu, nikakumbuka zilivyoitafuna ngozi ya Mzungu. Marehemu aliyenifundisha kazi alikuwa na sharti moja ambalo ukilivunja anakuchapa na mkanda wa kupimia: chuma kisiguse ngozi, siku zote weka kitambaa kati. Nikafanya hivyo. Nikachukua khanga ya mama yako, nikaikunja mara kadhaa, nikaitandika juu ya nailoni, ndipo nikatundika kulabu juu ya khanga. Nikarudi nyuma hatua chache kuitazama kazi yangu. Ilipendeza.

Mama yako akakitikisa kiti kwa mkono mmoja. Kikatembea huku na huku. Akasema, "Baba Mwajuma, hiki hakijashika."

"Kimeshika."

"Basi nikifunge na khanga nyingine, nizungushe kwenye mgongo wa kiti cha gari nipige fundo."

Nikamwambia fundo litaacha alama kwenye ngozi. Haya ndiyo maneno niliyosema, mwanangu, na sijapata kuyatamka tena mpaka leo ninapoyaandika. Fundo litaacha alama. Akanitazama, akaingia nyuma akakaa juu ya nailoni, mikono amelaza mapajani kwa sababu hakuwa na cha kushika.

Njia ile unaijua ilivyo na migongo, gari linatetemeka mpaka meno. Wewe ulifurahi. Ulikuwa ukipiga kelele moja ndefu ili usikie sauti yako inavyotetemeka, ukinyamaza unanitazama kama nimesikia. Nami nikawa najibu kwa sauti kama hiyo. Tulikwenda hivyo muda mrefu, na mama yako nyuma akaanza kucheka. Namuomba Mungu aniachie kumbukumbu hiyo hata akichukua nyingine zote.

Karibu na Nzega ng'ombe wakakatisha njia. Sikuwa nakwenda mbio na niliwaona. Nikakanyaga breki, gari likasimama vizuri kabisa, hakuna ng'ombe aliyeguswa. Ila kiti chako hakikusimama. Kulabu ziliteleza juu ya khanga, khanga ikateleza juu ya nailoni, nawe ukaenda na kiti chako mpaka kwenye dashibodi, kisha chini miguuni.

Hapo ndipo penye neno lenyewe. Umekua ukiambiwa habari ya ng'ombe, na habari ya ng'ombe ni kweli. Ulipokuwa mtoto, ukikutana na ng'ombe wa watu wanapita Mtendeni kwenda mnadani, ulikuwa ukiwaokotea kijiwe: "Nyie ndio mliovunja mkono wangu!" Watu walicheka, nami nilicheka nao. Ng'ombe wale walikuwa wanakwenda zao kunywa maji, Mwajuma. Hawakukukosea kitu.

Gari liliposimama kulikuwa kimya kidogo, kimya cha mtoto anayevuta pumzi kabla ya kulia. Na katika kimya kile mkono wangu ulinyanyuka. Haukuja kwako. Ulikwenda kwenye mgongo wa kiti, ukachomoa khanga, ukaingia chini ya nailoni, ukapapasa ngozi pale kulabu zilipokuwa, kutafuta mkwaruzo.

Mama yako alikuwa ameshavuka kiti kwa tumbo, amekunyakua kutoka chini, midomo yako ina damu na mkono wako wa kushoto umelala vibaya. Akauona mkono wangu ulipo. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa:

"Kiti kizima, baba Mwajuma?"

Nami nikamjibu. Mungu anisamehe, mdomo wangu ulijibu kabla sijajua nimeulizwa nini. Nikasema, "Kizima."

Nimeishi na wewe miaka yako yote, nikaishi na mama yako, na neno hilo limekuwa likilala kati yetu. Hajawahi kunirudishia. Angenirudishia hata mara moja, hata siku tulizogombana juu ya chumvi, ningepumua. Alichofanya ni kutokukaa tena kiti cha mbele cha gari lile. Hata tulipokuwa wawili tu alikaa nyuma, kama abiria, na watu wa Mtendeni wakadhani ni heshima ya mke wa fundi.

Tulifika kwa bibi yako. Alitoka mbio na kigelegele, akituamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka! Mwangaluka, wageni wangu!" kigelegele kikamkatikia mdomoni alipouona mkono wako. Akasema, "Mayo wee, mama wee," akakuchukua. Wakamwita mzee wa kuunga mifupa wa pale kijijini. Ungeulizia baba yako alikuwa wapi wakati unafungwa vijiti, ungeambiwa alikuwa barabarani. Mwenye malori alikuwa amekuja. Alikuwa anaibonyeza ngozi kwa dole gumba, anaitazama inavyorudi, huku mimi nasikia kilio chako kutoka uani. Akaniuliza, "Nani analia hivyo?" Nikasema, mtoto tu. Akasema, "Kazi safi hii, fundi." Nikaipata kazi.

Cherehani kubwa iliyo mbele yangu sasa, uliyojifunzia kushona gauni la sikukuu, ambayo watu wote wanasema ndiyo iliyotusomesha na kutulisha, nimeinunua kwa kazi ile. Kila nilipoikanyaga nilijua.

Hospitali tulikufikisha baadaye, baada ya kurudi Tabora na uvimbe kukataa kupungua. Daktari alikunja uso, akasema mfupa wa kiwiko umeshaanza kushika vibaya, na kwamba mtoto huyu angeletwa siku ile ile mkono ungenyooka. Mama yako alikuwa amesimama pembeni yangu. Nilingoja aseme. Hakusema.

Basi ukakua na mkono usionyooka, na ukaushangaza mji. Ulichota maji kwa mkono wa kulia, ukafua, ukaandika, ukawashinda wenye mikono miwili. Ulipokwenda kuomba nafasi ya unesi wakakuuliza utambebaje mgonjwa, ukamnyanyua yule aliyekuuliza pamoja na kiti chake. Habari hiyo nimeisimulia barazani mpaka watu wananikimbia. Lakini nikuambie nilichokiona wiki hii. Umekuwa ukimnyonyesha Salumu upande mmoja kwanza, kisha kumhamisha unamzungusha mwili mzima, kwa sababu mkono wa kushoto haumlazi vizuri. Unafanya haraka hata hujui kwamba unafanya. Mimi najua. Nimekaa kwenye mkeka nikijifanya nasikiliza taarifa ya habari.

Na si gari tu. Unakumbuka makochi yetu ya sebuleni? Nilishona mwenyewe, mama yako akafuma vitambaa vyeupe, akavitia wanga vikasimama. Wewe na ndugu zako mmekulia kwenye mkeka, mgongo umeegemea mguu wa kochi ambalo hamkuruhusiwa kulikalia. Tulikuwa tunamngojea mgeni. Ni mgeni gani huyo, Mwajuma? Walikuja wajumbe wa chama, walikuja wakwe, walikaa ukingoni kwa dakika wakaomba maji wakaondoka. Kumbe wageni waliokuwa wamepangiwa makochi yale walikuwa wanakula ugali chini, wanakua, kila mmoja na siku yake ya kuondoka.

Miaka ile watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini, malori yalikuwa yakiletwa hapa nishone viti vya madereva vilivyochanika. Ngozi zilikuwa zimeadimika, tulikuwa tunajaza katani na magunia, tukifunga kwa kamba. Siku moja lori lilisimama hapo nje na watu wake juu, vitanda, kuku, mitungi. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa, mtoto mchanga kifuani kwake amezungushiwa khanga, na khanga ile ameifunga kwenye chuma cha lori kwa fundo kubwa kuliko ngumi yangu. Chuma kilikuwa kimeila khanga, imetoboka na kuingia kutu. Hakujali. Nilikuwa nimeshika sindano na mdomo una uzi. Nikaingia ndani nikamwambia dereva arudi kesho, mimi naumwa. Kweli niliumwa.

Unaweza kuuliza kwa nini sikukuambia mapema. Mwanzo ulikuwa mdogo. Kisha ukawa unanipenda. Ulikuwa ukija hapa karakanani kunitungia uzi kwenye sindano, unaukamata kwa meno kwa sababu ya mkono, unaniambia, "Baba, mimi na wewe ni mafundi." Ningeanzia wapi? Niliogopa kukupoteza, na kwa hofu hiyo nikawaachia ng'ombe lawama. Kiti kile cha mabomba sikukitupa kwa sababu niliona nikikitupa nitakuwa nimejisamehe. Nikakificha nyuma ya magunia nikidhani hakuna atakayekifikia, nawe ukakitoa juzi ukinichekea, ukaniomba kitambaa.

Sikuhubirii, mimi si mtu wa kumhubiria mtu. Nakuambia tu nilivyojiona. Nilikuwa nikidhani mtu mbaya anajulikana kwa hasira zake. Mimi sikuwa na hasira siku ile, nilikuwa na furaha, nilikuwa naigiza sauti ya mwanangu. Ubaya wangu ulikuwa umekaa mkononi, umejifunza njia yake siku nyingi kwa kufuta na kung'arisha, na ilipofika saa ya kuchagua haukuniuliza. Kwa hiyo ukiona mkono wako umeanza kukimbilia kitu kabla ya mtu, hata kwa jambo dogo, kikombe kimevunjika na mtoto kasimama katikati ya vigae, ustuke. Mimi sikustuka. Na Hamisi siku moja akifoka kwamba mtoto kamwaga uji kwenye kiti, maana wanaume tunapopewa gari tunaingiwa na wazimu, usishuke kurudi kwa miguu kama mama yako. Mpe barua hii aisome, nawe ubaki ndani ya gari.

Sasa nimalizie na kazi, maana mafundi ndivyo tunavyoomba radhi.

Jana asubuhi nilikivunja kile kiti cha mabomba kwa nyundo. Nimemtengenezea Salumu kiti cha mbao ya mninga, kizito, kina ukingo pande zote, kitakaa nyuma pembeni yako. Nilipotaka mikanda ya kumfunga mabegani na katikati ya miguu nikazunguka mji mzima. Ngozi hakuna. Dukani hakuna, kwa wenzangu wa ushirika hakuna, kila niliyemuuliza alicheka kwanza. Ngozi nzuri iliyobaki Tabora yote, iliyopakwa mafuta mwaka hadi mwaka isipasuke, ilikuwa moja tu, na nilijua iko wapi.

Leo mchana nikaingia kwenye Pijo, hapo nje ya karakana, na kisu. Nimeikata kwenye mgongo wa kiti cha mbele, kipande kirefu, nikianzia pale pale mkono wangu ulipopapasa siku ile. Nimeishona mara mbili na turubai ndani, nimeivuta kwa uzito wangu wote, haikatiki. Kisha nikachukua kekee nikatoboa kiti cha nyuma, ngozi, katani na bati la chini, matundu manne, nikapitisha bolti kubwa za lori nikazikaza kwa nati kutokea chini ya gari. Hakuna kitambaa kati. Chuma kimelala juu ya ngozi, na ngozi imejikunja vibaya kweli, ukiiona utacheka. Nilikitikisa kiti kile kwa mikono miwili, gari zima likatikisika nacho.

Mama yako alisikia kekee. Alikuja kutoka nyumbani na mwiko mkononi, mjukuu mgongoni, yule anayemwita mume wake siku hizi mpaka naona wivu. Akasimama kwenye mlango wa gari. Akatazama kiti cha nyuma, akatazama cha mbele, katani inaning'inia pale nilipokata. Nami nilikuwa nimetoa kichwa kumtazama, mafuta usoni; nikajirudisha chini ya gari, nikaona miguu yake tu.

Akauliza, "Kiti kizima, baba Mwajuma?"

Miaka yote hiyo, mwanangu. Sauti ile ile.

Nikasema, "Hapana. Kimetoboka. Vyote viwili vimetoboka." Nikataka kuendelea, nikashindwa. Nilibaki nimelala chini ya gari nimeshika spana, nalia kama mtoto aliyekosea njia. Nikamwambia, "Zaituni, nisamehe." Hata jina lake nilikuwa sijalitaja siku nyingi.

Hakusema amenisamehe. Sitaki nikuongezee ambacho hakukisema. Nilisikia tu mlango wa mbele ukifunguliwa, springi zikalia, gari likainama kidogo upande wa abiria. Nilipotoka chini nikamkuta amekaa kiti cha mbele, amekiegemea kile kilichochanika, Salumu amempakata, anachezea katani iliyotokeza. Akaniambia, "Kinachoma mgongo hiki. Hukujua kukijaza." Yuko humo mpaka sasa ninapoandika, anamwimbia, na wali wake jikoni nahisi umeshaungua.

Kesho asubuhi utaviona viti vile nami nitakuwa nimesimama pembeni nikikuambia habari za upepo wa matairi. Unielewe. Barua hii utaisoma mkikaribia Nzega. Mkifika pale njia inapopita ng'ombe, mwambie Hamisi apunguze mwendo, na usiwatupie kitu, uwape salamu zangu, niliwasingizia.

Salamu nilizokuahidi ni hizi: wewe ni mtoto wangu wa kwanza, na nilipaswa kukushika wewe kwanza.

Salumu atatapika njiani, watoto wote hutapika kwenye njia ile. Yatamwagika kwenye ngozi nyekundu, yataingia kwenye mishono, yatanuka mpaka Igunga. Yaache. Usifute kitu. Mshike yeye.

Baba yako,
Salumu, fundi viti